Kereng'ende wa Ruvubu

Wenzangu wakisikia jina la Hifadhi ya Ruvubu hutaja nyati, kiboko na mamba, basi. Mimi nawaombea wadudu nafasi kidogo.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1980, nayo ina hektari zipatazo 50,000. Mto Ruvubu hupita pande za Gitega, huingia hifadhini, huiacha Muyinga kushoto, kisha hukutana na Kagera, na mwisho maji yake hufika Misri. Kandokando yake kuna mafunjo na mbuga za majani zinazofurika wakati wa mvua. Mwaka 2013 ziliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi za majimaji zenye thamani kwa dunia nzima.

Likizo kubwa nilikwenda Muyinga kwa shangazi, tukaingia hifadhini na kiongozi. Yeye alitafuta viboko, mimi nikatazama mashina ya mafunjo. Kereng'ende huruka majuma machache tu. Kabla ya hapo hukaa majini miezi mingi, pengine miaka, hana mabawa, rangi yake ya matope. Mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Akipita kiluwiluwi wa mbu, huufyatua, akamnasa kufumba na kufumbua. Siku yake ikitimia hupanda shina, ngozi ya mgongo hupasuka, naye hutoka na mabawa. Niliona ganda moja limeshikilia shina, tupu, jepesi kuliko karatasi, hata kucha zimo.

Sasa neno gumu. Karibu na Gitega, bondeni kwa mjomba, mafunjo yamefyekwa na mifereji imechimbwa. Kiangazi hulimwa humo maharage, na maharage hayo ndiyo yaliyonilipia karo. Nilimwuliza kama kereng'ende wapo bado.

"Zamani walijaa, mpwa wangu, tukiwakimbiza. Siku hizi mbu ndio wengi."

Hakusema kwa masikitiko. Mwenye watoto saba hamlilii mdudu, wala mimi sikuthubutu kumhubiria.

Lakini amebakiza ukanda wa mafunjo penye kijito, upana wa hatua kumi hivi, kwa kuwa mkewe husuka mikeka. Nilikaa hapo saa nzima. Nilihesabu kereng'ende wanne, watatu wekundu na mmoja wa buluu, nikaandika tarehe na idadi daftarini. Krismasi nitahesabu tena.