Voi ya Utoto Wangu

Mwezi uliopita nilimchukua mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa Mombasa, ili nimwonyeshe Voi, mji wa utoto wangu. Tuliteremka katika stesheni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, naye akaistaajabia sana. Lakini mimi nilimwongoza hadi stesheni ya zamani. Hapo ndipo tulipokuwa tukifika asubuhi kutoka mlima wa Sagalla, mama amejitwika mkungu wa ndizi, nasi watoto tumebeba miwa, tupate kuwauzia abiria kabla gari la moshi halijaondoka. Nilimwonyesha pia njia ya reli iendayo Taveta, iliyoanza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita vya Waingereza na Wadachi.

Siku ya pili tulipanda Sagalla. Akauliza, "Babu, mlima ule wa mbali ni upi?" Nikamjibu kuwa ni Kasigau. Mwaka ule ule wa 1915 serikali iliwashuku wenyeji wake kuwa wamewasaidia Wadachi, ikawahamishia Malindi, na wengi wakafia ugenini. Habari hiyo nami nilisimuliwa na babu yangu, nikiwa na umri kama wake.

Mtoto akanyamaza kimya. Usiku alipozungumza na mama yake kwa simu, hakuitaja stesheni mpya hata kidogo, bali alimweleza habari za Kasigau. Nilishukuru moyoni, kwa maana jambo asilosimuliwa mtoto huzikwa pamoja na mzee.