Kimya cha Siku Saba

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi. Aliondoka Mombasa kwa pepo za kusi kuelekea Arabuni, akarudi kwa kaskazi, na kati ya kwenda na kurudi ilipita miezi mingi bila bibi yangu kupata habari yake hata moja. Mama alipotusimulia mambo hayo hakuyasimulia kwa huzuni. Alisema kwamba siku jahazi lilipotweka tanga, bibi alimkabidhi mumewe kwa Mungu, akarudi jikoni, akaanza kuhesabu miezi.

Mimi mjukuu wake nimesafiri baharini mara moja tu, katika mwezi wa Agosti 2023, shule zilipokuwa zimefungwa. Dada yangu ni muuguzi Uingereza. Alikuwa amefanya kazi huko miaka kumi na miwili bila ya mapumziko ya maana, na alipoamua kupumzika hakutaka kupumzika peke yake. Akanilipia nauli ili tuende pamoja siku saba katika meli ya matembezi, kutoka Southampton mpaka Norway na kurudi. Taabu ya kutafuta ruhusa ya kuingia katika nchi mbili nitaiacha. Aliyepata kuitafuta anaijua, na asiyepata kuitafuta hataisadiki.

Dada alinipa sharti moja. Tangu kutoka bandarini mpaka kurudi, simu zetu zingekuwa kimya.

Nalidhani anafanya mzaha, lakini nilipokaa nyumbani kwake siku mbili kabla ya safari nikaona sababu. Simu yake haikutulia. Huyu alitaka mchango wa harusi, yule karo ya mtoto, wa tatu mabati ya paa lililoezuliwa na upepo. Jirani wa zamani alimkumbusha ahadi ambayo Dada mwenyewe hakukumbuka kuitoa. Wengine walimsalimu tu, na salamu hizo ndizo zilizomtia hofu zaidi, kwa kuwa hakujua zinatangulia nini. Kila simu ilipolia nilimwona akishtuka kabla mkono haujaifikia. Akaniambia, "Mdogo wangu, wagonjwa wangu hulala usiku. Hii hailali." Nikakubali sharti lake, nami wakati huo nilikusudia kulitimiza.

Southampton ndiyo bandari ambayo Titanic iliondoka tarehe 10 Aprili 1912, na mwalimu hawezi kusimama mahali kama pale bila kukumbuka somo. Watu wengi hudhani kuwa kuzungumza na nchi kavu ukiwa katikati ya bahari ni jambo la siku hizi. Abiria wa Titanic walikuwa na simu ya upepo. Walilipa shilingi 12 na peni 6 za Kiingereza kwa maneno 10 ya kwanza, na peni 9 kwa kila neno lililozidi, nao matajiri walifurahi kuwapelekea jamaa zao salamu ambazo hazikuwa na haraka yoyote. Usiku wa tarehe 14, mpokezi wa simu, Jack Phillips, alikuwa na rundo la salamu hizo za kupeleka pwani. Meli ya jirani, Californian, ilipompigia kumwarifu kuwa imezungukwa na barafu, alimkatiza mwenzake na kumwambia anyamaze, kwani ana kazi. Muda si mrefu baadaye Titanic iligonga. Nilimsimulia Dada kisa hicho tukiwa juu ya sitaha, ghati likizidi kuwa dogo nyuma yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuwa hicho ndicho alichokuwa akijaribu kunieleza tangu juzi: rundo la salamu.

Tulipokwisha kutoka, sauti ya kipaza ilitutahadharisha juu ya simu zetu. Meli kubwa huwa na mnara wake mdogo wa simu, na mnara huo hufunguliwa meli ikiwa mbali na pwani. Simu ya abiria ikiwa wazi huudaka wenyewe bila kumwuliza mwenye simu, na mwenye simu hupata habari siku ya kuletewa hesabu. Kwa hiyo abiria huambiwa waziweke simu zao katika hali ya ndegeni, na anayetaka intaneti hununua kifurushi cha meli. Bei yake kwa siku moja ilitosha kwetu Kenya kulipia mwezi. Ghali hiyo ina sababu, kwa kuwa merikebu haiburuti waya. Kila neno hupanda mbinguni kwenye setilaiti, kisha hushuka.

Hata nchi yetu ilikuwa hivyo zamani si nyingi. Kabla nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, kana kwamba nchi nzima ni merikebu iliyotia nanga mbali na ulimwengu. Nilikuwa chuo cha ualimu wakati ule. Nakumbuka tulivyolipa shilingi kwa dakika katika duka la kompyuta mjini, tukautazama ukurasa ukijifunua mstari kwa mstari, na fedha zikiisha kabla ya ukurasa.

Siku ya Jumapili hapakuonekana nchi upande wowote. Dada alilala mchana kutwa kama mtoto. Nami nilitembea sitahani, nikala, nikatembea tena, na kila mara mkono ulikwenda mfukoni. Sikuwa na haja yoyote. Alasiri nilikwenda kwenye dawati la meli nikanunua kifurushi cha simu moja, na nilipokuwa nikilipa niligeuka nyuma kutazama, kama mwanafunzi anayeruka ua la shule.

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa neno la mama mdogo katika kundi la jamaa: "Poleni kwa ajili ya mama yenu." Hapakuwa na maelezo mengine.

Nikamwandikia mdogo wetu aliyebaki Mombasa. Hakunijibu upesi, na alipojibu alianza kwa kuniomba radhi. Mama alikuwa ameteleza Jumamosi akitoka kuoga, akavunjika mfupa wa nyonga. Alikuwa amelazwa, na hospitali ilidai malipo ya kutanguliza kabla ya upasuaji. Mama mwenyewe alikuwa amekataza tusiambiwe. Alisema kwamba binti yake hajapumzika miaka kumi na miwili, na kwamba mfupa uliovunjika hautaungana kwa kuwa watu walioko baharini wamelia.

Fedha nilikuwa nazo kidogo katika benki. Usiku ule nilijaribu kuzituma. Benki ikaniambia kuwa imeniletea tarakimu za siri katika laini yangu, niziandike ili ijue kuwa ni mimi. Msomaji, hapo ndipo nilipotambua ujinga wangu. Laini yangu ya Kenya sikuifungulia kazi ya nchi za nje kabla ya kuondoka, nikijiona mtu wa kubana matumizi. Intaneti ya meli iliweza kuniletea picha za harusi ya mtu nisiyemjua, lakini tarakimu zile hazikuja kwa intaneti. Zilikuja kwa njia ya simu, na njia hiyo nilikuwa nimeiziba mwenyewe. Nilijaribu mara tatu, kisha benki ikanifungia mlango kwa usalama wangu.

Je, nimwamshe Dada? Nililala nikiwaza. Mama alikuwa amenyamaza ili Dada apumzike. Mdogo wetu alikuwa amenyamaza kwa kumtii Mama. Nikaona kuwa nami nikinyamaza nitakuwa nimejiunga nao katika jambo jema. Jumatatu tulishuka Stavanger, tukatembea kati ya nyumba za mbao nyeupe, na Dada akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu tulipokuwa watoto. Kila alipocheka nilizidi kuona kuwa nafanya vyema. Mchana nilijificha nikamwandikia mdogo wetu, naye akasema kuwa anakopa kwa majirani, bado kidogo fedha zitimie.

Jumanne meli iliingia katika ghuba ya Geiranger. Ni mkono mwembamba wa bahari uliojipenyeza kati ya milima, urefu wake kiasi cha kilometa 15, na kuta za mwamba zimesimama pande zote mbili, maji yakianguka kutoka juu kama nyuzi nyeupe. Abiria wote walikuwa sitahani. Nilikuwa nikisoma maneno ya mdogo wetu: "Daktari amesema kwamba tukichelewa zaidi ya hapa—" na hapo intaneti ikakatika.

Sababu yake ni jiografia. Setilaiti ambazo meli yetu ilizitegemea zimetundikwa juu ya ikweta, mstari uleule upitao Nanyuki, kiasi cha kilometa 36,000 juu yetu. Kwetu mtu huzitafuta juu ya kichwa. Kule kaskazini huwa chini upande wa kusini, karibu na upeo wa macho, na mlima mmoja watosha kuzificha. Siku hizi ziko setilaiti nyingine zinazopita chini zaidi, kama zile za Starlink, kiasi cha kilometa 550, na kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza mwaka 2022 kuwa itazitumia katika meli zake. Sisi hatukuwa nazo. Nilisimama na simu mkononi, sentensi ikiwa imekatwa katikati, na uzuri wote ule umenizunguka bila faida.

"Nani amekufa?" Sauti ilikuwa ya Dada. Sikujua ametazama uso wangu kwa muda gani.

Nikamwambia yote. Hakunikemea kwa kununua kifurushi. Aliuliza jambo moja: alianguka siku gani? Nikasema, Jumamosi. Akahesabu kwa vidole, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, na nikaona yule mwanamke aliyecheka Stavanger anaondoka, na muuguzi anaingia mahali pake. Akasema kuwa kule kwao mzee aliyevunjika nyonga hupasuliwa siku ile ile au ya pili yake, kwa sababu mzee akilazwa chali siku nyingi hupatwa na mambo mengine, mapafu, damu kuganda, vidonda. Hakusema kwa ukali. Alisema kama asomaye cheti cha mgonjwa.

Tulipanda mashua ya kwanza kwenda pwani. Katika mkahawa wa kijiji, waifai ilikuwa ya bure kwa mnunuzi wa kahawa. Dada aliiwasha simu yake, akafungua programu ya kutumia fedha, akaandika nambari ya mdogo wetu, akatuma. Kahawa haijapoa, mdogo wetu alikuwa ameandika kuwa fedha zimeingia katika M-Pesa yake. Muda wote ule nilipokuwa nikipigana na tarakimu za benki, mwenye uwezo alikuwa amelala katika kitanda cha pili, hatua tatu kutoka kwangu.

"Mngenipa habari," akasema, "ningeichagulia mwenyewe mahali pa kuiweka."

Nikamjibu kuwa yeye ndiye aliyetaka kimya. Jibu hilo lilikuwa la kweli, nami niliona haya nilipolitoa. Alikoroga kahawa yake kwa muda mrefu, kisha akasema kuwa alikimbia rundo. Mama hakuwa ndani ya rundo.

Mama alipasuliwa Jumatano. Alhamisi usiku, meli ikiwa njiani kurudi, tulimpigia simu kwa intaneti ya merikebu. Wanafunzi wangu hupenda niwapigie hesabu hii ubaoni: sauti hupanda kilometa 36,000, hushuka kilometa 36,000, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo; jumla ni kilometa 144,000, na kwa mwendo wa mwanga wa kilometa 300,000 kwa sekunde, ni karibu nusu sekunde. Kitu kidogo ubaoni. Katika mazungumzo, sisi tulisema wakati Mama akisema, sote tukanyamaza kumpisha mwenziwe, kisha tukaanza tena pamoja. Mwisho Mama alicheka kwa udhaifu, akasema kuwa tunagongana kama watu mlangoni. Akauliza kama huko baharini kuna baridi. Akauliza tumekula nini. Dada aliposema, "Mama, kwa nini ulikataza?" palikuwa na kimya kirefu kuliko nusu sekunde, nasi hatukujua kama ni cha setilaiti au ni chake.

"Mama yangu hakuwa na wa kumwambia," akasema. "Mimi nilidhani nami naweza."

Siku zilizobaki kifurushi kilikuwa cha Dada. Alikitoa katika simu yangu akakitia katika yake, jioni saa moja kwa dakika kumi, akazungumza na Mombasa tu, akaizima. Maombi mengine mia na zaidi yalimngoja Southampton, na aliyakuta yote mahali pake.

Mama sasa hutembea kwa mkongojo, na mguu wa kulia huuburuta kidogo. Daktari alisema kuwa baadhi ya wagonjwa hubaki hivyo hata wakipasuliwa mapema. Dada ndiye ajuaye zaidi yetu sote katika mambo hayo. Kila likizo anaponipigia huniuliza Mama anatembeaje, nami humweleza, na sijapata bado kumwuliza juu ya zile siku mbili.