Leicester: Mji Uliokanusha Makadirio

Ndugu msomaji, iwapo siku moja utajaliwa kufika Uingereza, usiishie London. Panda treni iendayo kaskazini, na baada ya mwendo wa saa moja na kidogo utashuka Leicester, mji uliokulia katika viwanda vya soksi, nguo na viatu. Si mji wa fahari. Lakini msimu wa 2015/16 ulikuwa makao ya mabingwa wa kandanda wa Uingereza.

Kutoka stesheni, elekea kusini kwa miguu. Kabla ya nusu saa kwisha utauona uwanja wa Leicester City karibu na mto Soar. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1884, na kwa miaka zaidi ya 130 haikupata kutwaa ubingwa wa ligi. Sikukuu ya Krismasi ya 2014 iliikuta ikiburura mkia. Iliponea chupuchupu kushuka daraja kwa kushinda michezo saba kati ya tisa ya mwisho. Msimu mpya ulipokaribia, akaajiriwa mwalimu Claudio Ranieri kutoka Italia, na wachezesha kamari wakatangaza kuwa atakayeitabiria Leicester ubingwa atalipwa 5,000 kwa moja.

Na wachezaji wenyewe walikuwa akina nani? Jamie Vardy alikataliwa na klabu akiwa na miaka 16, akafanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya kutegemezea viungo vya wagonjwa huku akicheza ligi za chini. Riyad Mahrez wa Algeria alitoka daraja la pili la Ufaransa. N'Golo Kanté, ambaye wazazi wake walitoka Mali, alidhaniwa kuwa mfupi mno. Nahodha alikuwa Wes Morgan, aliyeichezea Jamaika.

Mchezo wao ulikuwa wa watu wanaojua uwezo wao. Waliwaachia wapinzani mpira, wakalinda lango kwa pamoja. Kanté aliponyang'anya, pasi moja au mbili zilimfikia Vardy, naye mbio. Alifunga katika michezo 11 ya ligi mfululizo. Februari 2016 waliifunga Manchester City 3-1 ugenini, na waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Tarehe 2 Mei, Tottenham ilipotoka sare 2-2 na Chelsea, ubingwa ukawa wao. Katika michezo 38 walipoteza mitatu tu, wakapata pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal.

Sasa geuka, msomaji, uende upande wa pili wa mji, Belgrave Road. Hapa utakutana na harufu ya bizari, maduka ya sari na ya dhahabu, na huenda ukasikia mzee akikuamkia kwa Kiswahili. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji huu lilitangaza katika gazeti la Kampala likiwashauri wasije Leicester, kwani nafasi hakuna. Maelfu walikuja. Waliingia viwandani, wakafungua maduka, wakaujenga mji upya. Tarehe 16 Mei 2016, timu ilipopitishwa mitaani na kombe lake, watu wapatao 240,000 walijitokeza, na wajukuu wa wale walioambiwa wasije walishangilia kama wenyeji, kwa kuwa ndio wenyeji.

Mpanda ngazi hushuka. Mwaka 2018 mwenye klabu, Vichai Srivaddhanaprabha wa Thailand, alifariki helikopta yake ilipoanguka kando ya uwanja. Sanamu yake imesimama hapo tangu 2022. Mwaka 2023 timu ilishuka daraja, ikapanda, na 2025 ikashuka tena.

Hata hivyo, jedwali la msimu ule halifutiki. Mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani akiambiwa kuwa hafai, na amsimulie habari za mfanyakazi yule wa kiwandani, na za mji uliosema hauna nafasi, kisha ukapata fahari kwa kuwa na nafasi.