Karai la Saburi

Lamu ya utotoni mwangu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila kizito kilipita mgongoni mwa punda. Mawe ya machimbo ya Maweni yaliyoshushwa mashuani, mchanga, saruji, boriti za mikoko na magunia ya unga, vyote vilipandishwa kwa vichochoro ambamo watu wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani. Ami yangu alikuwa mchukuzi mtaa wa Langoni, na Saburi alikuwa punda wake tangu ujana wao wote wawili. Nilipopata akili, Saburi alikuwa keshapita miaka ishirini, keshavuliwa shogi, anashinda uani kivulini.

Kiangazi kimoja tukaona anakonda. Hamu ya kula alikuwa nayo. Aliingiza mdomo nyasini, akatafuna upande mmoja, kisha akaangusha donge refu kama kidole, limelowa mate, halikusagika. Asubuhi ua ulijaa madonge hayo. Ami aliokota moja, akalichambua kwa kucha, akanionyesha nyasi zingali nzima. Akavunja na kinyesi: mlikuwa na nyasi ndefu zile zile. "Tumbo lataka, mwanangu," akaniambia. "Kinu ndicho kilichokufa."

Tulimpeleka zahanati ya punda, ile ya shirika la The Donkey Sanctuary iliyofunguliwa mwaka 1987, ambako matibabu yalikuwa bure. Daktari alimfungua taya kwa chuma, akaingiza mkono hadi kwenye magego, huku akitueleza. Jino la punda, kama la farasi, lina akiba ndefu iliyozama ndani ya taya. Kila mwaka husogea nje milimita mbili au tatu, kufidia kinacholika kwa kutafuna. Akiba hiyo ina mwisho. Magego ya Saburi yalikuwa yamelika yakawa laini, na mengine yalikwisha kung'oka. Ncha zilizokuwa zikimkata shavu zilipunguzwa kwa tupa, lakini jino lililokwisha halirudi. Tena punda si ng'ombe, hacheui. Asichokisaga mara ya kwanza hushuka vivyo hivyo, na chaweza kumkwama kooni au kumfunga tumbo.

Alituonya pia tusimwache ashinde na njaa. Punda akikosa kula kwa siku chache, mwili huyeyusha mafuta yake na kuyamwaga damuni hadi ini lishindwe, na hapo kumwokoa ni vigumu.

Basi kila nikitoka chuoni nilikata nyasi kwa panga juu ya gogo, vipande visivyozidi ukucha. Nilizichanganya na pumba za mahindi ndani ya karai, nikatia chumvi kidogo na maji ya vuguvugu, nikangoja pumba zinywe na kuvimba. Ami alinifunza kupima kwa mkono: ukifumbata, rojo lipite vidoleni bila donge. Pumba kavu zilikuwa marufuku, kwa kuwa huvimba kooni. Tulimpa kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, tena peke yake, maana punda vijana wangemmalizia. Alikula taratibu, midomo ikipapasa kingo za karai, masikio yamelegea pembeni. Akimaliza niliosha karai papo hapo, kwani kwa joto la Lamu mabaki huchacha upesi.

Mbavu zikafunikwa tena. Wako waliomshangaa ami kwa kulisha punda asiyebeba. Mazoea ya wengi yalikuwa kumwachilia punda mzee ajitafutie mitaani, naye aliishia jaani akila mifuko ya plastiki iliyomziba matumbo. Ami aliwajibu kwa kuwaonyesha kuta za nyumba zao, zilizopanda kwa mawe aliyoyabeba Saburi. Waswahili husema fadhila za punda ni mateke. Kwa niliyoyaona uani petu, methali hiyo imemdhulumu punda. Wanaokosa fadhila ni wale wanaomtumia miaka ishirini, kisha wakamfungulia mlango.

Mwenye punda au farasi mzee, kila asubuhi tazama chini ya hori lake, na utazame kinyesi chake. Mpeleke akaguliwe meno kila mwaka, usingoje akonde. Nyasi zikimshinda, zikate, uziloweke, umpe. Amekwisha kukutumikia, kumlisha uzeeni ni deni, wala si sadaka.