Bao la Dakika ya 41

Hoki niliijua Mombasa, na meza ya kiufundi niliianza huko: kuandika nani kafunga, dakika ya ngapi, nani kaonyeshwa kadi. Nakuru sikuwahi kuipita. Nilipoombwa nipande Eldoret kusimamia ukarani wa mechi za vyuo vikuu na kuwaelekeza wanafunzi wawili, nilikubali kabla hata ya kuuliza nauli.

Kutoka Nairobi ni kilomita 310 hivi. Baada ya Mau Summit barabara haiachi kupanda. Tulivuka Ikweta, tukaingia Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambako wachuuzi walituinulia viazi na karoti hadi dirishani. Mzee aliyekuwa akishukia Burnt Forest aliniona nilivyojikunyata. "Mama, wewe ni wa pwani," alisema. "Toa sweta sasa, usingoje kufika."

Nilifika nikiwa nimeivaa. Asubuhi iliyofuata nilikutana na makarani wangu: msichana anayesomea takwimu na kijana anayesomea ualimu. Waliniita Madam, nami nikawaomba orodha za wachezaji kabla ya salamu kwisha. Kama nilivyotarajia, timu moja ya wasichana ilikuwa na akina Chebet watatu. Majina mengi ya Wakalenjin hufuata wakati au mazingira ya kuzaliwa, kwa hiyo hujirudia ukoo kwa ukoo, na karani anayeandika "Chebet" peke yake hajaandika kitu. Tarehe 17 Aprili 2011 Emmanuel Mutai alishinda marathoni ya London kwa saa 2:04:40; kesho yake Geoffrey Mutai akashinda Boston kwa 2:03:02. Hawana undugu. Kwa hiyo tulikubaliana: namba ya jezi kwanza, jina baadaye, na atakayebadilisha jezi kwa sababu ya damu aandikwe namba zote mbili na dakika aliyobadilisha.

Uwanja ulikuwa wa nyasi, chokaa yake imefifia kwa mvua ya usiku. Robo mbili za kwanza zilipita bila taabu. Katika dakika ya 41 wageni walipata kona fupi. Mpira ulisukumwa, ukasimamishwa, ukapigwa. Kipa akauzuia kwa mguu, ukatoka nje ya D, lile duara la mbele ya lango, mshambuliaji mmoja akaurudisha ndani na mwenzake akaumalizia. Mwamuzi akaelekeza mkono katikati. Bao halikuwa na ubishi. Nilipochungulia karatasi za wanafunzi wangu, niliona msichana ameandika bao la kona, kijana ameandika bao la kawaida.

Sikumsahihisha yeyote. Niliwauliza mpira ulitoka umbali gani. Sheria inasema kona fupi bado inaendelea mpaka mpira uende zaidi ya mita 5 nje ya duara, na ndiyo maana kuna mstari wa vipande unaoizunguka D kwa umbali huohuo. Siku ile mstari wenyewe ulikuwa hauonekani vizuri kutoka mezani. Robo ilipokwisha tulimwendea mwamuzi aliyekuwa karibu. Alikuwa na hakika: mpira haukufika kwenye mstari. Basi ni bao la kona, na pembeni tukaandika kwamba yeye ndiye aliyethibitisha.

"Lakini Madam," kijana aliuliza, "matokeo si yaleyale?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nisafiri usiku kucha, na nilimjibu kwa urefu. Matokeo ni yaleyale, ila kocha atakayesoma fomu ile atataka kujua kona zake zinazaa mabao mangapi, ili aamue wiki ijayo afundishe nini. Meza ya chuo kimoja ikihesabu mpira uliorudi kuwa kona, na ya chuo kingine ikauhesabu kuwa bao la kawaida, jumla za msimu hazilinganishiki, hata kama kila karani alikuwa makini siku yake. Karani mmoja akikosea mara moja, kosa linaweza kusahihishwa. Meza mbili zenye maana mbili za bao moja huharibu msimu mzima bila mtu kugundua.

Niliwapa mfano wa hoki ya barafu Marekani. Huko vyuoni huhesabiwa mikwaju iliyolenga lango, na ule uliogonga mwamba ukarudi hauhesabiwi. Ndiyo maana idadi yake sharti ilingane na mabao kujumlisha mipira aliyookoa kipa. Isipolingana, karani anajua kuna mahali pa kurudia. Msichana wa takwimu alichora safu hizo tatu papo hapo, zikatumika robo ya mwisho.

Jioni walinipeleka kuuona uwanja wa Kipchoge Keino, wenye jina la mshindi wa mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968, kwa 3:34.9. Nilifurahi kuwaonyesha kwamba riadha ilikwisha kulitatua jambo letu. Penye saa tatu zinazobonyezwa kwa mkono, mbili zikikubaliana, huo ndio muda rasmi. Zote zikitofautiana, huchukuliwa wa katikati. Uamuzi umeandikwa kabla ya bunduki kulia. Vivyo hivyo ile 2:03:02 ya Boston haikukubaliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa njia yake huteremka kupita kiasi na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo. Inaumiza, lakini kanuni ilikuwapo kabla ya Mutai kufunga kamba za viatu.

Hoki ya Kenya inastahili uangalifu huohuo. Timu ya taifa ilimaliza ya 4 katika Kombe la Dunia la 1971 mjini Barcelona, ikifungwa na India 2-1 katika muda wa ziada. Tunaweza kulitaja bao lile moja kwa sababu lilihifadhiwa kwenye karatasi.

Kabla sijaondoka tuliandika ukurasa mmoja: kona inaanza wapi na kuishia wapi, nani anaulizwa, nani anatia saini. Kijana alishika kazi ya kuupeleka kwa meza za vyuo vingine kabla ya mechi za marudiano. Msichana alikuwa ameshafungua faili la msimu uliopita, akiweka alama kwenye kila bao la kona lisilo na namba ya jezi.