Nanga Isiyo ya Chombo

Msomaji wa pwani asikiapo neno nanga hukumbuka chuma kinachotoswa majini ili chombo kisichukuliwe na mkondo. Kwetu Rubafu, katika nchi ya Bugabo iliyo kaskazini ya mji wa Bukoba, nanga za namna hiyo zipo, maana tumezaliwa kando ya Ziwa Viktoria na wengi wetu ni wavuvi. Lakini mzee wa Kihaya akisema enanga, hasemi habari za mitumbwi. Anasema habari za ala ya muziki: ubao mrefu uliochimbwa tumbo kama kihori kidogo, na juu yake zimewambwa nyuzi saba au nane. Twasema nyuzi, lakini kwa hakika uzi ni mmoja tu. Hupitishwa katika meno yaliyochongwa kwenye ncha moja, ukaenda hadi ncha ya pili, ukarudi, ukaenda tena, mpaka ubao ukajaa. Zamani uzi huo ulikuwa wa kano za ng'ombe. Siku hizi aghalabu ni wa nailoni au waya. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi wanayo ala hiyo, nao huiita inanga. Wanyankole wa Uganda wanayo vilevile. Waganda wana jina hilo hilo, ila kwao ni kinubi chenye shingo iliyopinda, kitu kingine kabisa.

Tunakusudia kueleza jinsi tulivyojifunza kuipenda nanga tukiwa tumekwisha kupita umri wa miaka 35, hali tulilelewa katika nyumba ilimopigwa.

Babu yetu mzaa baba alikuwa mpiga nanga. Hakuwa mtu wa ikulu ya Omukama, bali mkulima wa migomba na kahawa ambaye majirani walimjia usiku kazi zikiisha. Waliketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, wakapokezana kibuyu cha rubisi, naye akaiweka nanga mapajani akaanza. Alianza polepole mno. Kwa muda mrefu vidole vilirudia jambo lile lile, na sauti yake ilikuwa ya chini, baina ya kusema na kuimba, hata mtoto asiweze kujua kama wimbo umekwisha anza au mzee angali akijaribu uzi. Sisi tulisinzia. Asubuhi tuliwasikia wazee wakisimuliana kwa furaha mambo ya Mugasha mwenye ziwa, au ya shujaa Rukiza, kana kwamba walikuwa wameyaona kwa macho yao.

Mapenzi yetu yalikuwa kwingine. Mwaka 1983 baba yetu mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alikuja likizo na redio ya kaseti, na alipoondoka alituachia. Tangu siku hiyo hatukuwa na dini nyingine ila gitaa. Tulizisikiliza Sikinde, Juwata na Maquis katika Radio Tanzania. Tulimlilia Mbaraka Mwinshehe, ingawa alikuwa amekwisha fariki tangu mwaka 1979. Tukamwabudu Franco wa Zaire. Betri zikichoka tulizianika juani. Tulijua majina ya wapiga solo kuliko majina ya mababu zetu. Wimbo wa dansi wa siku zile aghalabu ulikuwa na nusu mbili: ya kwanza ya kuimba taratibu, na ya pili ya magitaa kuchachamaa, ambayo Wakongo huiita sebene. Sisi tuliivumilia ile ya kwanza kwa ajili ya ile ya pili.

Katika likizo ile ile baba mdogo alimwomba babu apige nanga, akainasa sauti yake katika kanda ya dakika 60, pande zote mbili. Kanda hiyo iliwekwa sandukuni. Mwaka 1986 rafiki yetu mmoja alipata wimbo wa Franco uitwao Mario, uliokuwa umetoka mwaka uliotangulia. Hatukuwa na kanda tupu, wala fedha ya kununulia. Tuliazima redio ya pili, tukaziweka uso kwa uso, tukafunga mlango, na juu ya sauti ya babu tukanasa Mario upande wa kwanza, na nyimbo nyingine za dansi upande wa pili.

Babu alituomba mara mbili tumfungulie kanda yake. Mara ya kwanza tulimwambia betri zimekwisha. Mara ya pili tulimwambia mashine imeitafuna. Hakuuliza tena. Alifariki mwaka 1988. Nanga yake iliwekwa ghalani, ikaliwa na mchwa.

Mwalimu Nyerere, alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliwauliza wabunge ni wangapi kati yetu sisi tujuao rumba, chachacha, twisti na rokenroli ambao tumepata hata kusikia habari za gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama. Tulipoingia katika utumishi wa serikali swali hilo tulilitia mara kwa mara katika hotuba tulizowaandikia wakubwa wetu. Jioni tulirudi nyumbani tukafungua magitaa. Hatukuona kinyume chochote, kwa sababu tulidhani swali linawahusu wengine.

Mwaka 2006 tuliagizwa kupanga burudani kwa ajili ya mgeni rasmi. Mzee mmoja wa upande wetu wa Rubafu, aliyekaribia umri wa miaka 80, alikuwa angali akipiga nanga, nasi tukampa dakika tano, baina ya ngoma ya wanafunzi na kwaya. (Mpiga chapa wetu aliandika katika ratiba kwamba mzee huyo “atang'oa nanga”, na hatukuliona kosa hilo mpaka watu walipoanza kucheka.) Dakika ya tano ilipotimia tulimpa ishara. Mzee aliuzima uzi kwa kiganja, akatutazama, akasema kwa Kihaya, bila hasira yoyote, kwamba alikuwa hajamaliza kuwaamkia watu. Kisha akaibeba nanga yake akaenda zake, na posho hakuifuata.

Juma lililofuata tulimpelekea posho hiyo nyumbani kwake. Tulimwamkia kwa heshima zote, naye alitupokea vizuri, akatupa kahawa ya kutafuna, akauliza sisi ni wa nyumba gani. Tulipomtajia babu yetu alinyamaza kidogo.

“Babu yako alinizidi,” alisema. “Kaa, mjukuu wangu. Leo huna saa mkononi?”

Alipiga muda wa saa nzima. Tulikaa kwa adabu, tukingojea sebene. Sebene haikuja. Alipomaliza alituuliza: “Pale mwishoni, nani alikuwa akisema?” Tukajibu kwamba ni yeye mzee. Alicheka mpaka akakohoa.

Swali hilo ndilo lililokuwa shule yetu. Tulirudi kwake Jumamosi nyingi za mwaka ule na wa pili wake, na kila alipopiga alisimama ghafula akauliza: nani anasema sasa? Ndani ya wimbo mmoja mlikuwa na mfalme, mkewe, mjumbe, mganga, mvuvi, na mara nyingine ziwa lenyewe. Mzee hakuwa na desturi ya kusema “mfalme akasema”. Alibadili kidogo urefu wa pumzi, au aliuacha uzi uzunguke mara mbili peke yake, na msikilizaji alitakiwa ajue kwamba mwingine amechukua zamu. Lile jambo tulilodhani ni vidole kurudia-rudia kwa uvivu ndilo lililokuwa sakafu ya nyumba. Watu waliingia na kutoka juu yake. Sisi tulikuwa tumekodoa macho darini tukingoja fataki.

Haikuwa kazi nyepesi. Lugha yenyewe ilitushinda. Sisi tuliojisifu kwa Kiswahili sanifu, tuliosahihisha barua za wenzetu ofisini, tulimwuliza mzee maana ya maneno ya Kihaya kama mgeni aliyeshuka melini asubuhi ile. Tena zilituchosha zile orodha. Shujaa akisafiri ziwani, mzee alitaja kila ncha, kila ghuba na kila kisiwa, kuanzia kwetu kwenda kusini, Musira, kisha mbele sana Bumbire, na kati yake majina mengi ambayo hata ramani ya wilaya haina. Tuliyaona kuwa ni maneno ya kujazia nafasi, tukathubutu kumwambia hivyo. Akatuagiza tukalale ziwani na wavuvi usiku mmoja, kisha tuje tuseme tena. Tulikwenda, tukatapika, tukapigwa baridi, na alfajiri tulimsikia mpiga kasia akiyataja majina yale yale kwa mfuatano ule ule, akipima njia iliyobaki. Tuliporudi kwa mzee, orodha haikuwa ndefu tena. Ilikuwa na urefu wa safari.

Siku moja tulimpelekea redio tukamfungulia Mario. Kwa nini tulichagua wimbo huo, twadhani msomaji anaelewa kuliko tulivyoelewa sisi wakati ule. Wimbo huo ni mrefu, wapita robo saa kasoro kidogo, na sehemu kubwa Franco haimbi bali anasema, magitaa yakizunguka chini yake. Mzee hakujua Kilingala. Alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, kisha akauliza, “Huyu anasema na nani?”

Tukamweleza kwamba ni habari za kijana anayelishwa na kuvishwa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri, na mwenye kusema anamkemea.

“Basi huyo ni mpiga nanga,” alisema mzee. “Ana nyuzi nyingi tu.”

Hatukumwambia wimbo huo ulikuwa umefuta sauti ya nani. Tulikaa kimya, na njiani kurudi mjini tulifikiri kwamba kwa miaka 20 tulimpenda Franco bila kumsikiliza. Tulikuwa tumesikia solo. Gitaa la pili, lile linalorudia jambo moja tangu mwanzo hata mwisho na ambalo hakuna mtu anayelipigia makofi, hatukupata kulisikia mpaka nanga ilipotufungua masikio. Wako wasemao kwamba mtu hawezi kupenda muziki wa kale mpaka auache wa kisasa. Sisi twashuhudia kinyume chake, na magitaa yetu tungali nayo.

Jambo jingine lililotikisika ni ushairi wetu. Tumefunzwa kutunga kwa vina na mizani, silabi nane kwa nane, na katika ule ugomvi mkubwa ulioanza miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na Mulokozi na Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, sisi, tulipofikia umri wa kuchagua upande, tuliungana na wale waliosema kwamba shairi lisilo na vina ni mali ya Ulaya iliyovishwa kanga. Tuliyasema hayo kwa ukali katika mikutano ya watunzi. Sasa tulikuwa tumeketi mbele ya mzee asiyejua Ulaya iko upande gani, na mishororo yake haikuwa na kina hata kimoja. Ilipimwa kwa pumzi na kwa mzunguko wa uzi. Mulokozi huyo huyo alikwisha kuandika mwaka 1983, akiwatetea wapiga nanga wa kwetu kuwa ni watunzi wa tendi hasa, dhidi ya wataalamu wa Ulaya waliotilia shaka kuwapo kwa tendi katika Afrika. Makala yake yalitupita. Vina hatujaviacha; ukali ndio tulioacha.

Wapiga nanga wamekuwa haba. Watemi waliondolewa madaraka mwaka 1963, na pamoja nao ikulu zilizowalisha mafundi wakubwa. Ikaja vita ya mwaka 1978 na 1979. Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na mababu na wajukuu tu, hali waliokuwa kati yao, ambao wangekuwa wanafunzi wa wale na walimu wa hawa, walikuwa makaburini. Kuilaumu redio peke yake ni uvivu wa kufikiri. Twasema hivyo ingawa tunajua redio ya nyumba yetu ilifanya nini.

Mzee wetu alifariki mwaka 2011. Kanda ya mwaka 1983 tungali nayo. Upande wa pili, nyimbo za dansi zinakwisha kabla utepe haujaisha. Redio inasikika ikizimwa, halafu, kwa muda wa sekunde 40 hivi, inatokea nanga ya babu pale ambapo hatukuwa na kitu cha kuijazia. Jambo hilo tulilijua tangu mwaka 1986, na siku zote tuliirudisha kanda nyuma kabla ya kufika hapo. Sasa kijana mmoja ametuhamishia sekunde hizo katika simu, nasi huzisikiliza. Kwa muda mrefu tulidhani anayesema ni babu. Ni mwanamke. Amesimama ufukoni, anamwita mwenye mtumbwi, anauliza kama kuna nafasi. Uzi unazunguka mara mbili, mvuvi anavuta pumzi ili amjibu, na utepe unakwisha.