Meno ya Shaba

Kazi ndogo hudharauliwa na macho, lakini mikono huijua thamani yake. Mtu anayetazama watoto wakicheza na magari ya mabati katika uwanja wa nyumba huona mchezo tu. Yule aliyewahi kulitengeneza gari la namna hiyo hujua kuwa ndani yake mna hesabu, mna subira, na pengine mna kosa na toba. Mambo hayo yote yalimpata kijana mmoja wa Kiloleli, katika mkoa wa Simiyu, alipokuwa na umri wa miaka 14.

Kijana huyo aliishi na bibi yake mzaa baba. Nchi ile ni nchi ya pamba, ng'ombe na baiskeli, na kila kitu kilichochakaa kwa mtu mzima hupata maisha ya pili mikononi mwa mtoto. Gari lake lilikuwa na mwili wa bati la kopo la mafuta, magurudumu yaliyokatwa katika kandambili, na ekseli ya spoku ya baiskeli, ambayo unene wake ni milimita 2. Mota yake aliitoa katika gari la plastiki lililokwisha kufa, na nguvu zake zilitoka katika betri mbili za redio. Chini ya pua ya gari alitia msumari uliopita katika mfereji mwembamba aliouchora ardhini, ili gari lisipoteze njia.

Kijana hakujua kuwa huko Uingereza, katika mwaka wa 1957, Fred Francis alitoa magari madogo yaliyoitwa Scalextric, nayo yalipita katika mfereji vivyo hivyo, yakipokea umeme kutoka kwa vipande vya chuma vilivyolazwa kandokando ya mfereji. Haja moja huzaa fikra moja hata mahali ambapo watu hawajaonana.

Mota ndogo ina mbio nyingi na nguvu chache. Huzunguka mara maelfu kwa dakika, lakini ukiifunga moja kwa moja na gurudumu hushindwa hata kulivuta bati tupu. Kwa sababu hiyo hutiwa gia mbili kati yao. Gia ndogo hukaa katika mhimili wa mota, na gia kubwa hukaa katika ekseli. Ikiwa ndogo ina meno 10 na kubwa ina meno 30, mota huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Mbio hupungua na nguvu huongezeka. Baiskeli hufanya kinyume. Yenye meno 44 mbele na 18 nyuma humpa mpandaji mizunguko karibu miwili na nusu ya gurudumu kwa kila mzunguko mmoja wa miguu yake, na hulipisha mbio hizo kwa jasho.

Siku moja gia ndogo ya plastiki ilipasuka, ikawa inazunguka bure juu ya mhimili wake. Gari lilinguruma lisiende. Kijana aliapa kuwa plastiki haitakaa tena katika gari lake. Alitaka chuma, na chuma alikijua kilipo.

Katika sanduku la bibi palikuwa na saa ya mezani ya kujazwa kwa ufunguo. Marehemu babu yake aliinunua kwa fedha za pamba. Saa hiyo ilikuwa imesimama miaka mingi, lakini bibi aliifuta vumbi kila Jumapili kama mtu anayemnawisha mgonjwa uso. Usiku mmoja, bibi alipolala, kijana aliifungua akatoa magurudumu mawili ya shaba ya manjano. Yalikuwa mazuri ajabu, membamba, na meno yake yalikuwa sawasawa kama mbegu za mtama katika suke. Alijiambia kuwa saa isiyosema saa haiwezi kuibiwa kitu. Kila mwizi huanza na hoja.

Asubuhi aliyafunga magurudumu yale katika gari. Yalikwaruzana, yakakwama, yakaachiana, yakakwama tena. Alipolazimisha, jino moja lilipinda.

Alikwenda kwa fundi baiskeli, mzee aliyefanya kazi chini ya mkwaju, akamwamkia kisha akampa yale magurudumu bila kusema yalikotoka. Mzee aliyageuza katika mwanga.

"Mjukuu wangu," alisema, "haya ni ya saa. Ilikuwa bahati yako kamani ilikuwa imelegea. Ingalikuwa imejaa ingalikukata vidole."

Kisha alimfundisha. Katika saa, gurudumu kubwa husukuma dogo, na mwendo huongezeka kila hatua. Katika gari dogo, gia ndogo husukuma kubwa, na mwendo hupungua. Kwa hiyo meno ya saa hukatwa kwa umbo lake, na meno ya mota hukatwa kwa umbo lake. Wote ni shaba, wote wana meno, lakini hawakuumbwa kukutana. Gia haichaguliwi moja moja, huchaguliwa mbili mbili, na jozi iliyotoka katika mashine moja ndiyo salama.

Mzee alipekua kopo lake akatoa mota ya printa mbovu iliyotoka mjini Bariadi. Ilikuwa na gia ndogo ya shaba, na mwenziwe alikuwa wa plastiki ngumu. Kijana alikunja uso alipoiona plastiki. Mzee alimwambia ahesabu. Gia ndogo ikizunguka mara tatu kwa mzunguko mmoja wa kubwa, kila jino lake hufanya kazi mara tatu. Basi ndogo ndiyo inayostahili shaba. Chuma juu ya chuma hudai mafuta, na mafuta katika vumbi la kiangazi huwa tope linalokula meno kama tupa.

Walipima. Ukubwa wa jino huitwa moduli, na gia zisizo na moduli moja hazipatani. Kwa gia zile moduli ilikuwa 0.5, mwenye meno 10 na mwenye meno 30 hutaka umbali wa milimita 10 baina ya vitovu vyao. Mzee hakupiga nyundo, maana nyundo hupinda mhimili. Aliing'oa gia ya shaba na kuisukuma mahali pake kwa jiliwa, polepole. Kisha alitia kipande cha karatasi nyembamba kati ya meno, akakaza mota, akaitoa karatasi. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo, lakini bila nafasi hiyo gia huungua, na ikizidi meno hurukana.

Gari lilikwenda. Kijana alilitazama likimaliza mfereji, wala hakufurahi. Mzee hakumwuliza kitu. Alimrudishia yale magurudumu ya saa, akayafunika kwa kiganja chake.

Jioni kijana alimwambia bibi yake kila jambo. Bibi alikaa kimya kwa muda mrefu, jino lililopinda likiwa juu ya kidole chake.

"Saa hii ilikufa kabla ya babu yako," alisema mwishowe. "Sikuiweka inipe saa. Niliiweka inipe yeye. Rudisha vitu mahali pake."

Kijana aliyarudisha, pamoja na lile jino lililopinda, kwa kuwa kulinyoosha kungalilivunja. Saa haikupona, wala haikutazamiwa kupona. Ilirudi katika sanduku ikiwa kamili kwa hesabu na pungufu kwa jino moja.

Watu husema kuwa kosa lililosamehewa limekwisha. Yamkini ni kweli kwa aliyesamehe. Aliyesamehewa hubaki na jino lake lililopinda, na kila Jumapili bibi alipofuta vumbi, kijana aliacha mchezo wake akamshikia kitambaa.